Neno "Cheki" na Magurudumu ya Nakuru

Vijana wa karakana, siku mliyoniandalia chai ya kuniaga nilichoka kusikia neno moja. Cheki keki. Cheki mzee anavyovaa tai. Cheki saa, gari la Nairobi limefika. Nilicheka pamoja nanyi, lakini moyoni neno hilo lilinichoma kidogo, maana nimelifanyia kazi maisha yangu yote, nanyi mnalitema hovyo kama makapi ya muwa. Baadaye mkaniomba niwaandikie kumbukumbu zangu. Haya, ninaandika, na nitaandika juu ya neno hilo pamoja na mtu aliyenifundisha. Habari za vyeo na mishahara mkazitafute ofisini. Mimi sizikumbuki vizuri, na zile ninazozikumbuka hazipendezi.

Nilifika Nakuru miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, nikitoka Butere na suruali moja ya kaki. Mji ulinuka moshi wa injini na unga wa vinu, na upepo ukivuma kutoka ziwani tulikula vumbi jeupe pamoja na ugali. Nililala kwenye landi, yaani vile vyumba vya reli vilivyojengwa kwa safu, sisi watatu chumba kimoja. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari. Askari walisimama jukwaani kutwa wakidai vipande, yaani vitambulisho, vya abiria, na wenzetu Wakikuyu wengi walikuwa wameondolewa kazini bila kuulizwa kosa. Nafasi niliyopata huenda ilikuwa ya mmoja wao. Nililijua hilo, na halikunipa raha.

Kazi niliyopewa ilikuwa ya kugonga magurudumu. Ninyi mna vyombo vya umeme. Sisi tulikuwa na nyundo yenye mpini mrefu, kipande cha chaki, na masikio tuliyopewa na Mungu. Treni ikisimama ili kubadilisha injini na kunywa maji, tuligonga upande wa kushoto, kisha ule wa kulia. Kila gurudumu lilipigwa mara moja, kisha likasikilizwa. Gurudumu zima hulia kama kengele ya kanisa. Lenye ufa hujibu kama sufuria iliyoanguka jikoni. Ukisikia sauti ya sufuria, unachora msalaba wa chaki ubavuni mwa behewa, na behewa hilo haliendi popote.

Mwalimu wangu alikuwa Harbans Singh. Watu walimwita Kalasinga, kama walivyoitwa Masingasinga wote, utadhani walizaliwa na mama mmoja. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kilemba cha buluu na ndevu alizozifunga wavu zisiingie kwenye grisi. Kiswahili chake alikiunda mwenyewe, kwa vipande alivyovipata, lakini hakuna aliyewahi kushindwa kumwelewa.

Siku yangu ya kwanza ya kuachwa peke yangu alinipa mabehewa ya mahindi yaliyosimama kando, akaenda kunywa chai. Niligonga gurudumu la kwanza. Sufuria. La pili, sufuria. Nilitoka mwanzo hadi mwisho nikichora misalaba, jasho linanitoka, nikiwaza kwamba nimegundua balaa ambalo wakubwa wote walilikosa. Harbans aliporudi alisimama akaitazama ile misalaba, ubavu mzima wa treni.

"Wewe nakwisha zika gari yote!" akasema, akacheka hadi akashika tumbo. Kisha akainama akanionyesha vipande vya breki vilivyobana kila gurudumu. "Breki iko shika yeye. Mtu nakabwa shingo, ataimba?"

Tukaenda tukafungua breki, nikagonga upya, na mabehewa yote yakaimba. Hadi leo sijaona mgeni wa kazi hii asiyelifanya kosa hilo. Harbans hakulipeleka ofisini. Alinipa kitambaa chenye maji nifute misalaba yangu mwenyewe, na hiyo ndiyo adhabu niliyopata.

Saa ya chakula alicheza sataranji. Ubao aliuchora kwa misumari juu ya kifuniko cha sanduku la vipuri. Askari walikuwa nati, farasi walikuwa boliti zilizopinda, na mfalme alikuwa kipande cha shaba cha bomba la injini, kinachong'aa. Alinifundisha kucheza kwa sababu alikosa mwenzake, akanifunga kila siku bila huruma. Na kila alipomtishia mfalme wangu alitamka, "Sheh!"

Nikamuuliza hiyo sheh ndiyo nini.

"Ni chek," akasema.

"Cheki hii ya kazi? Ya kucheki gurudumu?"

"Hiyo hiyo. Kwetu Punjab baba yangu nasema sheh. Natoka kwa shah. Muajemi akitaka kusema mfalme nasema shah. Mwarabu nachukua hii mchezo, nachukua neno. Mfaransa nachukua kwa Mwarabu. Mwingereza nachukua kwa Mfaransa. Halafu naleta hapa Nakuru na meli, nafikiri ni mali yake!"

Nilidhani ananitania. Lakini nilikuwa nahudhuria masomo ya jioni ya Kiingereza, na mwalimu wetu alikuwa na kamusi nene. Nilipomuuliza akaifungua, akasoma kwa muda, akainua uso akaniuliza nani aliyeniambia. Yote yalikuwa kweli. Kitenzi hicho cha Kiingereza, ambacho leo kila mtoto wa mtaa wa Kaptembwo anacho mdomoni, kilianza kama sauti ya mtu mbele ya ubao wa sataranji: mfalme, angalia! Kwa kuwa mfalme akiambiwa hivyo lazima mchezo usimame hadi ajiokoe, neno likapata maana ya kusimamisha. Kutoka kusimamisha likaja kuwa kuzuia, kushika, kubana. Kisha, kwa kuwa anayekizuia kitu hukitazama kabla ya kukiachilia, likawa kukagua. Mwisho hata ile alama ndogo ya kalamu unayoweka ukisharidhika ikaitwa jina hilohilo, huko Amerika.

Nilivutiwa mno na jambo hili. Nililala usiku nikilifikiria, nami si mtu wa kukosa usingizi. Sisi tuna kukagua, tuna kuzuia, tuna kuhakikisha, kila neno na kazi yake, wala hatukupungukiwa na kitu. Lakini neno hili moja lilikuwa limepita ikulu za wafalme na ngamia za wafanyabiashara, na kila lilipolala liliamka na maana mpya mfukoni. Nikaanza kuliona kila mahali kazini. Kwenye kona kali za kupanda Mau kuna reli ya pili iliyolazwa ndani ya ile ya kwanza, ya kuzuia gurudumu lisiruke nje. Waingereza waliiita reli ya kucheki. Mafundi wengi walidhani imeitwa hivyo kwa sababu inakaguliwa mara kwa mara. Niliwaeleza maana yake, wakaniambia nipunguze masomo ya jioni.

Harbans hakujali sana safari za neno. Alijali adabu ya mchezo. "Ukiweza kupiga mfalme," aliniambia, "hapana piga kimya kimya. Sema kwanza. Mwizi tu nakuja bila kusema." Nilimpenda mzee yule kama baba yangu mdogo, na sioni haya kuandika hivyo.

Jinsi yake ya kufundisha ilikuwa moja. Tulipita pamoja, mimi nikagonga, naye akanitazama usoni akauliza, "Inasema nini?" Nikajibu, "Inasema nzima, Mzee." Tukaendelea. Hata nilipokwisha kuijua kazi, bado aliuliza, kila gurudumu, kila treni. Nilidhani ni uangalifu wa walimu wa kale.

Siku moja mchana tulikuwa tunavuka njia za reli kurudi karakanani. Injini ya kupanga mabehewa ilikuwa inarudi nyuma kuelekea kwetu, inapiga filimbi ya kuamsha wafu. Harbans aliendelea kutembea katikati ya reli, anatazama viatu vyake. Nikamvuta kwa mkono wa koti, tukaanguka wote wawili kwenye kokoto, na injini ikapita.

Alikaa pale chini akijipangusa kilemba. Baadaye akasema, "Sasa umejua."

Nyundo zilikuwa zimemla masikio. Sauti nene alizisikia kidogo, maneno aliyasoma midomoni, lakini ile sauti nyembamba ya chuma, ambayo ndiyo kazi yenyewe, ilikuwa imemwacha muda mrefu. Kumbe lile "inasema nini" halikuwa somo. Alikuwa ananiazima masikio.

"Ofisi ikijua, mimi nakwenda nyumbani," akasema. "Na nyumba ni ya reli. Iko mama, iko watoto wasichana. Wewe nafanya nini, Okwaro?"

Nikamwambia tutaendelea kama tulivyokuwa. Na ni lazima nieleze hapa utaratibu wa wakati ule, ili mwelewe. Chaki ya Mwafrika haikusimamisha treni. Nilikuwa nimefanya kazi ile kwa miaka kadhaa, lakini msalaba wangu ulikuwa karatasi bila muhuri hadi nyundo ya Harbans igonge juu yake. Yeye alikuwa na ruhusa bila masikio, mimi nilikuwa na masikio bila ruhusa. Tukiwa wawili tulikuwa mtu mmoja kamili, na magari yaliyotoka Nakuru siku zile yalitoka salama.

Kisha ikaja siku ya Rosa. Nilikuwa nimeoa, na mke wangu alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Mama yangu alikuwa ametuma maneno, si ombi, kwamba mtoto huyo azaliwe nyumbani Butere. Nikampandisha Rosa kwenye gari la Kisumu, daraja la tatu, nikamtafutia nafasi dirishani, nikampa ndizi na chupa ya chai, nikashuka kufanya kazi yangu. Siku hiyo nilianza mkiani mwa treni.

Nilipofika chini ya dirisha lake, nikagonga. Sufuria.

Nikatazama breki. Ilikuwa wazi. Nikagonga tena, polepole, kwenye pete ya chuma inayovishwa gurudumu, nikizunguka. Mahali pamoja sauti ilikufa kabisa. Mbele ya treni ile kulikuwa na mlima wa Mau, kisha ule mteremko mrefu wa kuelekea Fort Ternan wenye madaraja marefu, ambako breki hushikwa hadi magurudumu yanafuka moshi. Gurudumu lenye ufa likipashwa moto namna hiyo linaweza kupasuka kabisa. Nilichora msalaba.

"Andrea, kuna nini?" Rosa aliniuliza kutoka juu.

"Shuka."

"Nishuke niende wapi? Mama ananingoja stesheni kesho."

"Shuka, Rosa. Nitakueleza."

Behewa zima lilisikia. Watu wakaanza kupiga kelele. Mama mmoja mwenye kuku wawili akatoa kichwa nje: "Huyu fundi naye! Si alale kwake na mke wake, atuache twende!" Hapakuwa na behewa jingine la daraja la tatu pale Nakuru siku hiyo. Nilijua kwamba msalaba wangu ukisimama, nusu yao watalala jukwaani.

Akaja msimamizi wa zamu, Mzungu mrefu mwenye saa ya mnyororo mkononi, mtu ambaye ucheleweshaji ulimuuma kama jino. Akatwaa nyundo yangu, akaligonga gurudumu mara moja, mahali pazima. Likaimba.

"Iko zuri," akasema. "Harbans! Kuja hapa. Hii boi nasema gurudumu mbaya. Wewe nasikia nini?"

Harbans, aliyekuwa akitazama breki upande wa pili, alikuja akifuta mikono. Akagonga pale nilipomwonyesha. Kisha akaweka kiganja juu ya chuma, akatulia, na badala ya kulitazama gurudumu akanitazama mimi.

"Inasema nini?" akaniuliza taratibu.

"Limepasuka, Mzee."

"Kweli?"

"Kweli. Mke wangu yumo humu."

Niliogopa wakati ule kuliko nilivyowahi kuogopa kazini. Kama nimekosea, treni imechelewa bure, uchunguzi utafanywa, na hao wachunguzi watampima Harbans masikio. Nyumba itakwenda, kazi itakwenda, kwa neno langu tu. Baadaye aliniambia kiganja chake hakikumwambia kitu chochote. Chuma kilikuwa baridi, basi.

Akamgeukia msimamizi. "Mimi nasikia, bwana. Hii gari hapana kwenda."

Behewa likakatwa kutoka kwenye treni. Watu walishuka wakinitukana kwa lugha zote za magharibi mwa Kenya, mbili nikizielewa vizuri. Rosa alirudi landi akilia kwa hasira, na siku mbili baadaye akajifungua mtoto wa kike kwenye chumba chetu, majirani wakisaidia. Mama yangu alinuna mwaka mzima.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya kulikata behewa, gurudumu lilikuwa karakanani. Tulikuwa na njia yetu ya kuutafuta ufa. Unapaka mafuta ya taa, unapangusa hadi pakauke, unapaka chokaa nyembamba, kisha unagonga kwa nyundo nzito. Mafuta yaliyojificha ndani hutoka yakachafua chokaa. Tulizunguka tukatazama, mafundi wote, msimamizi akiwa mbele. Nyundo ikashuka. Kwanza hapakuwa na kitu. Iliposhuka tena, mstari mweusi, mwembamba kama unywele, ukaanza kutambaa juu ya chokaa, ukavuka pete yote kutoka ukingo hadi ukingo.

Mafundi wakasogea karibu. Mmoja akavua kofia.

Msimamizi alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake. Akampa Harbans mkono mbele yetu sote, akamsifu sana. Kisha akatugeukia sisi. "Nyinyi naona? Hii ndiyo sababu hii kazi hapana ya Mwafrika peke yake. Mwafrika naweza gonga. Lakini masikio ni ya Harbans."

Harbans alikuwa anamtazama midomo. Aliangalia chini kidogo, kwenye ule mstari, kisha akasema, "Bwana, mimi hapana sikia."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Msimamizi naye akatabasamu, akarudia sifa zake kwa sauti kubwa zaidi.

"Hapana, bwana. Mimi ni kiziwi." Akaligusa sikio lake kwa kidole chenye grisi. "Miaka mingi sasa. Jana hii gurudumu hapana sema kitu kwa mimi. Nasema kwa Okwaro. Mimi nasoma uso yake tu."

Kicheko kikafa. Msimamizi uso ukamwiva. "Lakini jana wewe nasema nasikia. Wewe nadanganya mimi?"

"Ndiyo, bwana. Nadanganya. Kama nasema Okwaro nasikia, wewe naachilia gari." Akavuta pumzi. "Leo mimi iko hapa. Kesho mimi nakwenda nyumbani. Nani atadanganya kwa ajili yake?"

Nililia mbele ya watu wazima. Nilikuwa nimejipanga kumeza yale maneno ya masikio, kama nilivyomeza mengine mengi, na kesho yake tungeendelea kama kawaida, yeye na nyumba yake, mimi na chaki yangu isiyo na muhuri. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Angenyamaza tu, sifa zingekuwa zake na siri ingekuwa yetu. Nimefanya kazi na watu wengi hodari tangu wakati huo, wengine wenye vyeti vya kufunika ukuta, na sijaona mwingine aliyesimama hivyo.

Mwezi ule ulipokwisha, alistaafishwa. Tulimsaidia kufunga vyombo, wasichana wake wakibeba sufuria na mito, mkewe akifagia nyumba ya reli kama vile angeilalia tena. Wakahamia Kisumu kwa mdogo wake mwenye duka la mbao. Hakulalamika hata kidogo. Aliniambia tu kwamba kwenye duka la mbao uziwi ni faida, kwa sababu ya msumeno.

Hakuna aliyeniambia mimi nitakuwa nani baada yake. Nilipewa nyundo na treni kama jana yake, na hakuna mtu mwingine aliyeletwa. Majuma kadhaa yalipita bila gurudumu bovu. Kisha mchana mmoja likaja gari la mizigo kutoka Kitale, refu, limechelewa tayari, na kwenye behewa la katikati nikasikia sufuria. Nikatazama breki, nikagonga tena, nikachora msalaba. Kwa mazoea nikainama kuchungulia upande wa pili ili nimwite Mzee aje. Hapakuwa na mtu.

Msimamizi akaja na saa yake. Akautazama msalaba, akatazama kushoto na kulia.

"Nani nasikia?"

"Mimi, bwana."

Injini ilikuwa imekwisha kupiga filimbi ya kuondoka. Akanitazama usoni, kana kwamba naye ameanza kujifunza kusoma pale. Kisha akaifunga saa yake, akaitia mfukoni, akatembea kwenda mbele kumwambia dereva. Treni ikangoja.